Nani Hupanga Siku ya Kunyoa?

Wanahistoria hupima wakati kwa tawala, vita na mikataba. Katika insha hii natumia kipimo kidogo zaidi: muda unaopita kati ya kunyoa na kunyoa tena. Hoja yangu ni kwamba muda huo haupangwi na nywele. Hupangwa na mtu au kitu kingine, na tukimjua mpangaji tutakuwa tumejifunza jambo kuhusu jamii yenyewe.

Nianze na maumbile. Nywele za kichwani hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, za mfalme na za mkulima vilevile. Mtaani kwetu Cibitoke, hapa Bujumbura, kasi hiyo moja huzaa kalenda nyingi. Kijana anayependa degrade hurudi kwa kinyozi kila wiki moja au mbili, maana pembeni ngozi huachwa wazi, na milimita mbili tatu zinatosha kuharibu mpangilio. Anayenyoa fupi kichwa kizima hukaa wiki tatu au nne. Mwenye afro hupunguza ncha baada ya miezi miwili hivi ili umbo lisipotee. Mwenye rasta hakati kabisa. Husokota upya mizizi tu. Kwa hiyo kadiri mtindo unavyotegemea mstari safi, ndivyo unavyodai kinyozi mara nyingi.

Lakini mstari huo safi nao una historia. Methali yetu inasema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tunaijua kama onyo, ila mwanafunzi wa historia anaweza kuisoma kama ushahidi. Inatoka katika zama za wembe, ambapo nywele zililainishwa kwa maji kwanza na watu walingoja zamu wakitazamana. Leo kijana akienda saluni Cibitoke na kichwa kilicholowa, ataambiwa akikaushe, kwa sababu mashine hutaka nywele kavu. Mashine ya umeme ya kunyolea ilitengenezwa na Mmarekani Leo Wahl mwaka 1919. Ilipofika mitaani ilileta mitindo ambayo wembe usingeiweza kwa urahisi, pamoja na bwana mpya wa kalenda: umeme. Umeme ukikatika, degrade ya Jumamosi inakuwa ya Jumatatu, labda kinyozi awe na betri au paneli ya jua.

Kabla ya mashine, aliyepanga siku alikuwa jamii. Kwa majirani zetu wa Rwanda, amasunzu yalivaliwa na wanaume na na wasichana ambao hawajaolewa. Baadhi ya nywele zilinyolewa na nyingine kuachwa zisimame kama vishungi vyenye umbo la mwezi mwandamo, kwa mitindo zaidi ya thelathini. Huo ni mstari mwingine unaodai kutunzwa kila mara. Kwa msichana ulikuwa tangazo: amefikia umri wa kuposwa. Akishaolewa aliuacha mtindo huo, na akishakuwa mama alivaa urugori, utepe wa kichwani. Kwa hiyo ukitazama kichwa chake ulijua yuko wapi katika maisha.

Kwa Wamaasai kalenda ni ndefu zaidi. Moran hufuga nywele, akazisuka na kuzipaka udongo mwekundu, kwa miaka kadhaa. Hazinyolewi hadi sherehe ya Eunoto, ambapo mama yake mzazi ndiye humnyoa. Nywele zikianguka, ujana wa ushujaa umekwisha. Na hatuhitaji kwenda mbali: hapa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji wetu, familia za Kiislamu humnyoa mtoto siku ya saba baada ya kuzaliwa. Kunyoa kwa kwanza ni kuingizwa katika umma, na siku yake haitegemei urefu wa nywele.

Baada ya uhuru, dola changa nazo zilitaka kusema neno juu ya kichwa. Tanzania Bara, Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Ilipiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kubadili rangi ya ngozi na mawigi, kwa hoja kwamba vitu hivyo vilidhalilisha utamaduni wa taifa. Walioguswa zaidi walikuwa wanawake wa mjini. Wigi lilikuwa limempa mwanamke nafasi ya kubadili kichwa chake siku anayotaka. Marufuku iliirudisha nafasi hiyo mikononi mwa wengine.

Hapa sina budi kujitaja, kwa kuwa mimi ni msichana niliyesoma shule zetu. Hadi nilipomaliza sekondari nilinyolewa karibu kila mwezi, kwa amri ya shule. Sababu tuliyopewa ilikuwa usafi na usawa. Sipuuzi sababu hizo: nywele fupi huoshwa haraka, na mtoto wa maskini hatofautiani na wa tajiri anayelipia misuko. Lakini kaka zetu walipotoka shuleni walirudi saluni kuchagua kati ya wiki mbili na wiki nne. Sisi tulipotoka tulianza kujifunza upya nywele zetu zikoje, maana hatukuwahi kuziona zikipita sentimita mbili. Usawa uliotupa kichwa kimoja haukutupa uamuzi mmoja.

Basi ni nani aliyewahi kukataa kalenda ya wengine? Mfano ulio wazi kuliko yote naupata Kenya. Muthoni wa Kirima aliingia msituni na Mau Mau wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, akawa mwanamke aliyejulikana kwa cheo cha fildi mashali. Rasta alizoota msituni hakuzikata uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963. Alisema matunda ya uhuru hayajawafikia waliopigania. Zilinyolewa tarehe 2 Aprili 2022 nyumbani kwake Nyeri, na aliyeshika mkasi alikuwa Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza. Alifariki Septemba 2023. Kati ya kunyoa na kunyoa tena pana takriban miaka 70, na kila mwaka katika hiyo ulikuwa dai lisilolipwa.

Kenya hiyohiyo, Septemba 2019, Mahakama Kuu iliamua kwamba msichana wa sekondari ambaye ni Mrastafari asizuiwe kusoma kwa sababu ya rasta zake, kwa kuwa ni sehemu ya imani yake. Naufurahia uamuzi huo, lakini nauona mpaka wake: uliilinda dini. Msichana anayetaka tu kuziacha nywele zikue, bila imani ya kutaja mbele ya hakimu, hakupata jibu.

Kinyozi hajinyoi, wanasema wazee. Kweli, kichwa cha kila mtu hupita katika mikono ya mwingine: mama, fundi, mwalimu au serikali. Historia ya nywele Afrika Mashariki haituonyeshi wakati ambapo watu walijinyoa wenyewe bila jamii kuwatazama. Inatuonyesha tofauti kati ya mkono ulioalikwa na mkono uliojialika. Mama wa moran huingia kwa sherehe ambayo mwanawe ameingoja kwa miaka. Mwenye degrade huenda saluni kwa miguu yake. Muthoni alichagua mwenyewe siku na aliyeshika mkasi. Shule zetu hazijafikia hapo, na nadhani swali la kuanzia kule si urefu wa nywele, bali ni nani aliulizwa kabla mashine haijawashwa.