Pikapu ya dizeli na tela: nguvu gani inahitajika Msimbati, Newala na bonde la Ruvuma?

Malipo ya korosho yakishaingia, mazungumzo ya kununua pikapu huanza. Mnunuzi wa samaki wa Msimbati anataka gari la kupitisha kasha la barafu kwenye mchanga. Kikundi cha wakulima wa Tandahimba kinapiga hesabu ya kuacha kukodi gari kila msimu wa kupeleka korosho ghalani. Wote wataambiwa neno moja na muuzaji: "Hii ina nguvu." Swali la kumuuliza ni nguvu ipi, maana zipo mbili, na anayezichanganya hununua gari la kukimbia wakati alitaka la kuvuta.

Nguvu farasi na torki

Nguvu farasi huonyesha kazi ambayo injini inaweza kufanya kwa muda fulani. Ndiyo inayokupa mwendo kwenye lami ya kwenda Lindi. Torki ni nguvu ya kuzungusha. Fikiria nati ya tairi iliyoshika kutu: spana fupi haiifungui, lakini ukichomeka bomba kwenye spana hiyo ikawa ndefu, nati inaachia. Mkono ni uleule, ila torki imeongezeka. Kwenye karatasi za gari torki huandikwa Nm, yaani nyutoni mita.

Mzigo hung'olewa na torki. Tena angalia inapatikana kwenye mizunguko mingapi ya injini kwa dakika. Injini inayotoa torki yake mapema, kwenye mizunguko 1,200 au 1,600, huondoka na mzigo taratibu bila dereva kuunguza klachi. Hapo ndipo dizeli inapoishinda petroli.

Magari tunayoyaona barabarani

Toyota Land Cruiser 79, ile pikapu yenye bomba la hewa linalopanda kando ya kioo, ndiyo inayosifiwa zaidi. Nyingi zina injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo. Watu wengi hushangaa wakisikia takwimu zake. Ina nguvu farasi zipatazo 130 na torki ya Nm 285 tu. Hilux ya kisasa ya lita 2.4 ina injini ndogo kuliko hiyo kwa karibu nusu, lakini kwa sababu ya turbo hutoa nguvu farasi 150 na torki ya Nm 343 au 400, kulingana na giaboksi. Hilux ya lita 2.8, tangu 2020, hufika nguvu farasi 204 na Nm 500 ikiwa na gia za otomatiki. Ford Ranger ya zamani kidogo, yenye silinda tano na lita 3.2, ina nguvu farasi 200 na Nm 470. Isuzu D-Max ya lita 3.0, kwenye matoleo mapya, hufika Nm 450.

Land Cruiser yenyewe ina ndugu zake. Ya V8, lita 4.5 yenye turbo, ina Nm 430 kuanzia mizunguko 1,200. Ya karibuni zaidi imewekewa injini ileile ya lita 2.8 iliyomo kwenye Hilux.

Kwa hiyo kwenye karatasi 1HZ ndiyo ya mwisho. Mbona bado inatafutwa? Kwanza, chesisi yake ni nene na springi za nyuma zimetengenezwa kwa kazi. Pili, ukiweka gia ndogo ya 4x4, ile ya L4, torki inayofika kwenye tairi huongezeka mara mbili na zaidi, na gari hutambaa kwenye mchanga au matope bila haraka. Tatu, na hii kwangu ndiyo kubwa, pampu yake ya dizeli ni ya kizamani. Inavumilia.

Injini za kisasa husukuma dizeli kwa mgandamizo mkubwa sana kupitia nozeli zenye matundu membamba mno. Dizeli yenye maji au taka huziharibu haraka, na nozeli moja ni gharama ya kumrudisha mtu shambani. Ukiishi Kitaya au Mahurunga na mara nyingi unanunua dizeli ya kwenye dumu, hilo ni jambo la kila wiki. Dumu liache litulie, usimimine ya chini kabisa, na mwaga maji ya filta mara kwa mara. Mwenye Hilux mpya anayejaza kituoni mjini na kufanya huduma kwa wakati hana haja ya kuiogopa turbo. Ila ajue kwamba ikimharibikia kijijini, fundi wa chini ya mwembe hana kompyuta ya kuipima.

Zile pikapu kubwa za Kimarekani kwenye video za simu ni dunia nyingine. Ram 3500 yenye injini ya Cummins hufika Nm 1,458, na Ford Super Duty yenye nguvu zaidi hufika Nm 1,627. Lakini usukani wao uko kushoto, ni pana kwa njia zetu, na zimetengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Kipimo kilichoanza kutumika Afrika Mashariki mwaka 2015 ni sehemu 50.

Tani tatu na nusu zinazogeuka magunia sita

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Matangazo ya Hilux, Ranger, D-Max na Land Cruiser husema gari linavuta kilo 3,500. Ni kweli kwa matoleo mengi ya 4x4, lakini kwa sharti moja: tela liwe na breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, kikomo kinachotolewa kwa kawaida ni kilo 750, uzito wa tela ukiwa ndani yake.

Matela mengi yanayochomelewa gereji hayana breki. Chukua tela la chuma lenye kilo 250 likiwa tupu. Zinabaki kilo 500. Gunia la korosho ghafi lina kilo zipatazo 80, kwa hiyo hayo ni magunia sita. La saba limevuka kikomo. Tangi la maji la lita 1,000, ambalo watu wa uwanda wa Makonde hulibeba kila kiangazi, lina tani nzima kabla hujahesabu tangi lenyewe wala tela.

Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Kwa sababu kikomo hicho hakipimi kuvuta peke yake, kinapima na kusimama. Mji wa Newala uko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na pale Shimo la Mungu unaona jinsi ardhi inavyoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Gari linalopandisha mpunga kutoka bondeni likishindwa, litazima au kuchemsha, na utaweka jiwe kwenye tairi. Gari linaloshuka na tela zito lisilo na breki halina nafasi hiyo. Tela linasukuma kutoka nyuma, breki za gari zinapata moto, pedali inaanza kuzama. Kwenye kona tela linaweza kuligeuza gari likatazama lilikotoka.

Gia uliyopandia ndiyo ushukie nayo, na uiweke kabla mteremko haujaanza. Ukisikia harufu ya breki, simama mahali tambarare uziache zipoe bila kuzimwagia maji. Mzigo mzito upange mbele kidogo ya ekseli ya tela, kiasi kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote ikandamize ndoano ya gari. Ukiupanga nyuma, tela litayumba. Na watu wanaopandishwa juu ya magunia nao ni kilo, mbali na kwamba ndio wa kwanza kurushwa.

Kama tela lako litabeba zaidi ya tani moja kila siku, ama mlipe fundi aliweke breki, ama acheni pikapu mnunue Canter. Kwa kikundi cha Tandahimba ningeshauri Canter iliyotumika kuliko Land Cruiser ya bei hiyohiyo.

Mchanga na maji ya chumvi

Kwa mnunuzi wa Msimbati hesabu ni nyingine. Kwenye mchanga wa pwani upepo wa tairi una maana kuliko injini. Gari lisilo na mzigo mkubwa lipunguzie hadi paundi 18 au 20, tembea bila kukata kona kali, kisha jaza tena kabla ya barabara ngumu, maana tairi laini ikienda kasi hupata moto na kupasuka. Pikapu nyepesi, kama Hilux, mara nyingi hupita pale Land Cruiser iliyojaa inapozama.

Anayeshusha boti kwa tela asiingize magurudumu baharini mara tu anapofika. Beringi zikiwa za moto zikiguswa na maji baridi huyavuta ndani, na grisi ikichanganyika na chumvi beringi hazimalizi mwezi. Subiri zipoe. Ukirudi nyumbani mwagia maji baridi chini ya chesisi, kwenye springi na kwenye mabomba ya breki. Ukienda kununua pikapu iliyokuwa ikifanya kazi ya pwani, lala chini uangalie sehemu hizo kabla hujafungua boneti.