Ahadi ni Deni: Funzo Kutoka Vita vya Mashine za Michezo



Wahenga walisema ahadi ni deni. Msemo huu tunautamka kwa wepesi, mara nyingi tukimkumbusha jirani aliyekopa au ndugu aliyeahidi kuja naye asije. Ni mara chache tunajiuliza kama mfanyabiashara naye, anapoitangaza bidhaa yake, anajiwekea deni. Na mnunuzi aliyetoa fedha kwa sababu ya neno aliloambiwa, wala si kwa sababu ya kitu alichokiona, anamdai nani?

Juma hili napenda tulitazame swali hilo kwa njia ya historia, na historia yenyewe inahusu kitu ambacho wengi wetu hukihesabu kuwa cha watoto tu: mashine za michezo ya video, zile ambazo vijana mitaani kwetu huziita gemu. Wazazi wengi wanazifahamu kutokana na vile vibanda ambamo watoto hulipa ili wacheze PlayStation kwa zamu. Wachache wanajua kwamba nyuma ya mashine hizo kuna ushindani mkali wa miaka mingi, na kwamba katika ushindani huo wapo wanunuzi waliokwisha kulipa, kisha wakaachwa njiani.

Tuanzie mwaka 1983. Mwaka huo soko la michezo ya video nchini Marekani liliporomoka. Michezo mibovu ilikuwa imejaa madukani, na wanunuzi wakachoka kudanganywa na picha nzuri zilizochorwa juu ya maboksi. Kampuni ya Atari ilifikia hatua ya kuifukia shehena ya michezo yake katika jalala la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Jalala hilo lilifukuliwa mwaka 2014, na michezo hiyo ikakutwa humo. Wenye maduka hawakutaka tena kusikia habari za biashara hiyo. Aliyeifufua ni Nintendo, kampuni ya mji wa Kyoto, Japani, iliyoanzishwa mwaka 1889 kwa kutengeneza karata za kuchezea. Mashine yake iliingia Marekani mwaka 1985, na katika miaka michache ikalitawala soko lote.

Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1989 kampuni nyingine ya Japani, Sega, ilileta Marekani mashine iitwayo Genesis, ambayo kwingineko ilijulikana kama Mega Drive, kwa bei ya dola 189. Sega haikuridhika na kuisifu bidhaa yake. Katika matangazo yake ilimtaja mshindani kwa jina na kumkejeli mbele ya watoto wote. Baadaye wataalamu wake wa matangazo wakabuni msamiati wa kitaalamu, "Blast Processing", ili kuwaaminisha watu kwamba mashine yao ina kasi ambayo Nintendo haina. Mtoto hakujua maana ya maneno hayo, na mzazi wake hakujua zaidi yake. Kazi yake haikuwa kumweleza mnunuzi kitu chochote, bali kumpiga mpinzani.

Hapana budi tuseme kweli: Genesis ilikuwa mashine nzuri. Mwaka 1991 ulipotoka mchezo wa Sonic, yule kalunguyeye wa bluu akimbiaye kama upepo, Sega ilikuwa tayari kupambana na Nintendo bega kwa bega. Kama ingetulia hapo na kuwatunza wateja wake, pengine historia ingekuwa nyingine. Badala yake iliingiwa na hofu ya kupitwa.

Mwaka 1992 Sega iliuza Marekani kifaa cha nyongeza cha kusomea diski, Sega CD, kwa dola 299. Kifaa hicho kilikuwa ghali kuliko mashine yenyewe, nayo michezo mizuri iliyotengenezwa kwa ajili yake ilikuwa michache. Mwaka 1993 Atari ilirudi na mashine ya Jaguar, ikijigamba kwamba ina biti 64, kana kwamba ukubwa wa namba ungetosha kumfurahisha mchezaji. Nayo Sony ilikuwa inakuja. Habari ya kuja kwake ni somo tosha. Sony na Nintendo walikuwa wamekubaliana kutengeneza mashine kwa pamoja. Mwezi Juni 1991, katika maonesho ya mjini Chicago, Sony iliutangaza mpango huo. Siku iliyofuata Nintendo ikatangaza kwamba itashirikiana na Philips. Sony ikabaki na aibu mbele ya dunia, na kutokana na aibu hiyo mhandisi wake Ken Kutaragi akaendelea na kazi hadi ikazaliwa PlayStation, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 3 Desemba 1994. Nintendo ilivunja ahadi kwa mwenzake, na kwa kufanya hivyo ikajizalia mpinzani mkubwa kuliko wote.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yetu. Mwezi Novemba 1994 Sega iliuza Marekani kifaa kingine cha nyongeza, 32X, kwa dola 159. Kilichomekwa juu ya Genesis, nacho kiliwaahidi wateja kwamba hawana haja ya kununua mashine mpya. Waongeze kipande hiki tu, nao watakuwa wameingia katika kizazi kipya cha michezo. Familia nyingi zilikinunua kwa ajili ya Krismasi. Lakini katika mwezi huohuo, kule Japani, Sega hiyohiyo ilianza kuuza mashine mpya kabisa, Saturn, ambayo haikuweza kucheza michezo ya 32X. Wakuu wa Japani na wakuu wa Marekani walikuwa wakivutana, na kila upande ulikuwa na mpango wake. Watengenezaji wa michezo walipoona hayo waliikimbia 32X. Kampuni ilikuwa imezungumzia pia mashine moja iitwayo Neptune, ambayo ingeunganisha Genesis na 32X; hiyo haikufika dukani kamwe. Kufikia mwaka 1996 mambo ya 32X yalikuwa yamekwisha, na vifaa vilivyosalia vikauzwa kwa bei isiyofika dola 20.

Tujiulize: mzazi aliyekuwa amelipa dola 159 alikosa nini? Alichokuwa amenunua bado kilikuwa mezani kwake na bado kilifanya kazi. Kilichotoweka ni ule wakati ujao alioahidiwa. Mashine ya michezo haifanani na sufuria, ambayo ukishainunua biashara imekwisha. Anayenunua mashine hununua pia imani kwamba michezo itaendelea kutengenezwa kwa ajili yake. Imani hiyo haionekani ndani ya boksi, lakini imo ndani ya bei.

Makosa hayakuishia hapo. Saturn ilikuwa imetangaziwa Wamarekani kwamba ingetoka tarehe 2 Septemba 1995. Tarehe 11 Mei, katika maonesho ya Los Angeles, Tom Kalinske, kiongozi wa Sega ya Marekani, alitangaza kwamba imekwisha kuanza kuuzwa, kwa dola 399. Lengo lilikuwa kuiwahi Sony. Lakini mashine zilipelekwa katika maduka machache yaliyochaguliwa, na waliosahauliwa walikasirika. Kampuni ya maduka ya KB Toys iliamua kuacha kuuza bidhaa za Sega. Watengenezaji wa michezo nao walikuwa wakijiandaa kwa Septemba, hivyo michezo ilikuwa haba. Siku hiyohiyo Steve Race wa Sony alipanda jukwaani, akataja bei ya PlayStation, dola 299, akashuka. Hakuhitaji kusema zaidi.

Hebu tupige hesabu kidogo. Familia iliyoliamini kila neno la Sega na kununua kila kitu kwa bei ya mwanzo ilitoa dola 189 kwa Genesis, 299 kwa Sega CD, 159 kwa 32X na 399 kwa Saturn. Jumla ni dola 1,046 katika miaka sita, bila kuhesabu hata mchezo mmoja. Na mwaka 1997, Saturn ikiwa bado madukani, Bernie Stolar, kiongozi mpya wa Sega ya Marekani, alitamka hadharani kwamba mashine hiyo si mustakabali wa kampuni. Alisema kweli kibiashara, lakini fikirini aliyeinunua juma lililotangulia!

Hatimaye Sega ilitengeneza kitu chema. Dreamcast ilitoka Japani mwezi Novemba 1998 na kuingia Marekani tarehe 9 Septemba 1999 kwa dola 199. Ilikuwa na uwezo wa kujiunga na intaneti tangu mwanzo, na wachezaji wengi wanaikumbuka kwa mapenzi hadi leo. Mwanzoni iliuzwa vizuri sana Marekani. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwezi Machi 1999 Sony ilikuwa imeitangaza PlayStation 2, na watu wengi waliona heri kungoja mashine ambayo hawajaiona kuliko kumwamini tena aliyewaacha njiani. Zilikuwapo sababu nyingine pia: PlayStation 2 ilicheza filamu za DVD, kampuni kubwa ya Electronic Arts ilikataa kuitengenezea Dreamcast michezo, na Sega ilikuwa imeelemewa na hasara. Tarehe 31 Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba inaachana na utengenezaji wa mashine. Dreamcast zilizouzwa duniani zilikuwa kama milioni 9. PlayStation 2 ilikuja kupita milioni 150.

Katika anguko hilo kuna jambo moja ambalo halistahili kusahauliwa. Isao Okawa, mkuu wa Sega, alikuwa ameikopesha kampuni fedha zake mwenyewe. Kabla ya kufariki mwezi Machi 2001 aliusamehe mkopo huo na kuipa kampuni hisa zake; thamani ya yote iliripotiwa kuwa takribani dola milioni 695. Wadai wenye nguvu hukumbukwa katika vitabu vya hesabu. Okawa alikuwa mdai, naye akasamehe. Wadai wadogo, yaani wale watoto wenye 32X, hawakuandikwa popote.

Ingekuwa dhuluma kumtwika Sega mzigo wote. Nintendo iliwaahidi wenye Nintendo 64 kifaa cha diski, 64DD, tangu mwaka 1995. Kilitoka mwezi Desemba 1999, Japani peke yake, kikafa mwaka 2001. Sony iliahidi kupeleka Marekani PlayStation 2 milioni moja siku ya kwanza, mwezi Oktoba 2000. Ikapeleka nusu yake. Na lipo tukio zito zaidi. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006 Sony iliitangaza kuwa inaweza kutumika kama kompyuta kwa kuwekewa mfumo wa Linux. Tarehe 1 Aprili 2010, kwa kutaja sababu za usalama, kampuni ilileta programu mpya iliyoondoa uwezo huo. Anayeikataa programu anapoteza nafasi ya kucheza na wenzake kwa intaneti. Anayeikubali anapoteza Linux. Mteja alikuwa amelipia vyote viwili, sasa akaambiwa achague kimoja. Kesi iliyofunguliwa Marekani ilimalizika mwaka 2018 kwa makubaliano ya dola milioni 3.75. Hapo ahadi haikukosa kutimizwa. Ilitimizwa, kisha ikachukuliwa tena mkononi mwa mnunuzi.

Je, tuseme basi kwamba biashara haiwezi kuwa na uaminifu? La hasha. Xbox 360 ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2005, iliharibika kwa wingi, ikiwasha taa nyekundu na kuzimika. Baada ya malalamiko ya muda mrefu, mwezi Julai 2007 kampuni iliongeza waranti ya hitilafu hiyo hadi miaka mitatu, ikawarudishia fedha waliokwisha kulipia matengenezo, na kutenga zaidi ya dola bilioni moja. Ilichelewa, lakini ililipa. Mwaka 2011 Nintendo ilipunguza bei ya mashine yake ya mkononi, 3DS, kutoka dola 249.99 hadi 169.99, miezi michache tu baada ya kuitoa. Waliokuwa wamenunua mapema walipewa michezo 20 bila malipo, na mkuu wa kampuni, Satoru Iwata, alikata nusu ya mshahara wake. Kampuni zote mbili zilibaki sokoni, na wateja walirudi.

Ndugu msomaji, historia hii inatufundisha kutofautisha ahadi za aina mbili. Ipo ahadi anayopewa mteja, na ipo ahadi inayotamkwa mbele ya mteja lakini imekusudiwa kumtisha mshindani. Ya pili haina mwenyewe. Adui akishapigwa au akishashinda, hakuna anayeikumbuka, isipokuwa yule aliyeitolea fedha. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Kwa hiyo tunaponunua, na hasa tunapowanunulia watoto, tulipie kilichopo mbele yetu, na lile linaloahidiwa tulingoje hadi lifike. Na sisi tunaoahidi, iwe dukani, ofisini au nyumbani, tuangalie tunamwahidi nani na kwa nini. Baba anayemwahidi mtoto zawadi ili tu asionekane mdogo mbele ya jirani yake hana tofauti na wale wakuu wa Los Angeles.

Sonic hakufa. Baada ya mwaka 2001 Sega iliendelea kutengeneza michezo, na yule kalunguyeye wa bluu akaingia katika mashine za Nintendo, nyumbani kwa adui wa jana. Mwaka 2007 alitokea pamoja na Mario katika mchezo mmoja wa Olimpiki. Wakubwa walipatana na biashara ikaendelea. Fedha za 32X hazikurudishwa.