Gentoo Linux

Gentoo Linux ni mfumo wa uendeshaji wa kompyuta wa familia ya Linux ambao programu zake, kwa kawaida, hujengwa kutoka msimbo chanzo ndani ya kompyuta ya mtumiaji mwenyewe. Katika mifumo mingine mingi ya Linux, kama Debian, Ubuntu na Fedora, mtumiaji hupakua programu zilizokwisha kujengwa na wengine. Mtumiaji wa Gentoo hupakua maandishi ya msimbo, na kompyuta yake huyageuza kuwa programu kwa kutumia kompaila, hasa ile iitwayo GCC.

Faida yake ni kwamba mtumiaji huamua nini kiingie katika kila programu na nini kiachwe. Gharama yake ni muda, umeme na data. Mahali ambapo mtu hununua intaneti kwa bando la simu na umeme kwa tokeni za LUKU, gharama hizo huonekana siku ileile. Hata hivyo nyingi zinaweza kupunguzwa kwa kupanga kazi vizuri.

## Historia

Mfumo huu ulianzishwa na Daniel Robbins mwaka 1999 kwa jina la Enoch. Baadaye uliitwa Gentoo, jina la aina ya ngwini mwenye kasi kuliko ngwini wengine wote majini. Toleo la 1.0 lilitolewa tarehe 31 Machi 2002. Robbins aliwahi kutumia FreeBSD kwa muda, na utaratibu wa mfumo huo wa kujenga programu kutoka msimbo ulichangia umbo la Portage, chombo kikuu cha Gentoo. Mwaka 2004 aliacha uongozi, na mradi ukabaki mikononi mwa watu wanaojitolea.

Mwaka huohuo wa 1999 Gerard Beekmans alianzisha Linux From Scratch. Hicho ni kitabu hasa kuliko mfumo: humwongoza msomaji kujenga kila kipande cha Linux kwa mkono. Kinafundisha sana, lakini hakimpi mtu chombo cha kutunza mfumo baada ya kuujenga. Gentoo inacho, nacho ni Portage. Google nayo hutumia Portage katika kuandaa ChromeOS.

Gentoo haina matoleo ya mwaka kwa mwaka. Mfumo uliosakinishwa mara moja huendelea kusasishwa kidogokidogo bila kikomo.

## Namna inavyofanya kazi

Kila programu ina skripti fupi iitwayo *ebuild*, inayoieleza Portage mahali pa kupata msimbo, namna ya kuujenga na programu nyingine zinazotegemewa. Mtumiaji huandika amri ya `emerge` na jina la programu. Yaliyobaki hufanywa na Portage.

Uchaguzi wa mtumiaji huwekwa katika faili liitwalo `make.conf`. Humo huandikwa maneno ya `USE`: kwa mfano, asiye na printa huandika `-cups`, na programu hujengwa bila sehemu za kuchapisha. Humo pia huandikwa `MAKEOPTS`, yaani kazi ngapi zifanywe kwa wakati mmoja. Kanuni inayopendekezwa ni gigabaiti 2 za RAM kwa kila kazi. Kompyuta ya mitumba yenye RAM ya gigabaiti 4 isipewe zaidi ya kazi mbili, hata kama prosesa yake ina viini vinne; vinginevyo RAM hujaa na ujenzi hukatika katikati.

## Usakinishaji

Gentoo haina programu ya usakinishaji ya kubofya "endelea". Mtu huwasha kompyuta kwa flashi, kisha hufuata mwongozo rasmi hatua kwa hatua: kugawa diski, kufungua kifurushi cha msingi kiitwacho *stage3*, kuingia ndani ya mfumo mpya kwa amri ya `chroot`, kuandaa kerneli, na mwishowe kuweka programu ya kuwashia mfumo, kama GRUB.

Hatua ya hatari zaidi ni ya kugawa diski. Kuandika `sda` mahali pa `sdb` hufuta kila kitu katika diski isiyokusudiwa, na mfumo hauna huruma wala hauulizi mara mbili. Mwanafunzi mwenye kompyuta moja tu anapaswa kunakili kazi zake mahali pengine kwanza, au kujifunza ndani ya kompyuta pepe, kwa mfano kwa VirtualBox, kabla ya kugusa diski halisi.

Saa nayo huwaangusha wengi. Kompyuta za mitumba mara nyingi zina betri ndogo iliyokufa kwenye ubao mama, kwa hiyo kila zinapowaka hurudi miaka mingi nyuma. Tarehe ikiwa na kosa kubwa, vyeti vya usalama vya tovuti huonekana si halali na upakuaji hukataliwa. Mtu huanza kulaumu mtandao kumbe tatizo ni saa. Eneo la saa huandikwa `Africa/Dar_es_Salaam`. Katika mji wa Tunduma, mkoani Songwe, jambo hili linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ng'ambo ya mpaka, Nakonde nchini Zambia, saa iko nyuma kwa saa moja, na simu huweza kunasa mtandao wa upande huo. Asirekebishe saa ya kompyuta kwa kutazama simu bila kuhakikisha simu iko katika mtandao gani.

Kuhusu kerneli, zamani kila mtumiaji alilazimika kuchagua vipengele vyake kimoja kimoja. Siku hizi kuna `gentoo-kernel`, yenye mpangilio uliokwisha kuandaliwa, na `gentoo-kernel-bin`, iliyokwisha kujengwa. Anayeanza hapotezi heshima akitumia hiyo ya pili. Kerneli ya mkono inaweza kusubiri.

## Data na umeme

Kifurushi cha *stage3* ni cha mamia ya megabaiti, na msimbo wa kerneli peke yake ni takriban megabaiti 140. Mazingira kamili ya skrini yenye madirisha huhitaji gigabaiti kadhaa.

Portage hutenganisha upakuaji na ujenzi, na hapo ndipo penye nafuu. Amri ya `emerge --pretend --fetchonly` huorodhesha anwani za mafaili yanayohitajika bila kuyapakua. Mtu wa Tunduma au Vwawa anaweza kuihifadhi orodha hiyo, akayapakua mafaili penye intaneti nafuu, kwa mfano chuoni Mbeya, akayaleta kwa flashi na kuyaweka katika folda ya `/var/cache/distfiles`. Portage haitapakua tena. Kabla ya kutumia kila faili hulinganisha alama zake za utambulisho na zile zilizomo katika hazina yake, hivyo faili lililoharibika njiani, au lililochezewa, hukataliwa. Kwa orodha ya programu zenyewe, amri ya `emerge-webrsync` huleta faili moja lililobanwa.

Umeme ukikatika wakati wa ujenzi, mfumo kwa kawaida hauharibiki. Portage hujenga kila programu katika folda ya muda, na huiweka mahali pake baada ya kukamilika tu. Kinachopotea ni saa za kazi ya programu iliyokuwa inajengwa. Umeme ukirudi, `emerge --resume` huendelea na orodha ilipoishia. Hatari iko katika muda mfupi wa kunakili mafaili kwenda mahali pake, na kwa sababu hiyo kompyuta mpakato yenye betri nzima hufaa kuliko ya mezani isiyo na UPS.

Hesabu ya LUKU ni rahisi: kompyuta ya mezani inayokula wati 150 ikifanya kazi kwa saa 10 hutumia uniti 1.5. Programu kubwa kama LibreOffice, Firefox na lugha ya Rust huweza kuchukua saa nyingi katika mashine ya zamani. Kwa hizo kuna matoleo yaliyokwisha kujengwa, yenye `-bin` mwishoni mwa jina. Tangu Desemba 2023 mradi hutoa pia hazina kubwa ya programu zilizojengwa tayari kwa prosesa za amd64 na arm64, na mtumiaji huweza kuchanganya njia zote mbili.

Maabara ya shule yenye kompyuta kadhaa inaweza kujenga mara moja tu: mashine moja huwekewa `FEATURES="buildpkg"`, na nyingine hupokea vifurushi vyake kwa mtandao wa ndani. Sharti ni kutoweka `-march=native` katika mashine hiyo ikiwa nyingine zina prosesa za zamani zaidi, kwa sababu programu zitakufa mara zinapofunguliwa.

## Matunzo

Kusakinisha ni kazi ya siku chache; kutunza hakuna mwisho, na wengi hushindwa hapo. Utaratibu wa kawaida ni kusasisha orodha kwa `emerge --sync`, kusoma taarifa kwa `eselect news read`, kusasisha programu zote kwa `emerge -avuDN @world`, kuunganisha mabadiliko ya mipangilio kwa `dispatch-conf`, kisha kuondoa yasiyohitajika kwa `emerge --depclean`.

Kosa kubwa ni kuacha kwa miezi mingi ili kuokoa bando. Mashine iliyolala mwaka mzima hukuta programu nyingi zimebadilika kwa pamoja na kuzuiana, na kuzifungua mafundo hula data zaidi ya ile iliyookolewa. Machi 2024, kwa mfano, ulitangazwa wasifu mpya wa mfumo, 23.0, ambao ulihitaji hatua maalumu zilizoelezwa katika taarifa. Waliosasisha mara kwa mara na kusoma taarifa walizifuata kwa utulivu.

## Kiswahili

Mtumiaji huweza kuweka Kiswahili kwa kuandika `sw_TZ` katika faili la `locale.gen` (kwa Kenya ni `sw_KE`) na `L10N="sw"` katika `make.conf`. Kiasi cha tafsiri hutofautiana kati ya programu na programu. Tafsiri za namna hii huwezekana kwa sababu msimbo uko wazi: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kwa kutafsiri maneno ya OpenOffice.org.