Dawa Zinazoshusha Potasiamu Mwilini: Fahamu Dalili, Vipimo na Chakula Kinachosaidia

Presha imeshuka, miguu haijavimba tena, lakini mwili hauna nguvu. Kuinuka kwenye kiti ni kazi, misuli ya miguu inabana usiku, na moyo unaruka ruka. Wengi hudhani ni malaria, uzee au presha imerudi. Wengine wanaamua kuacha dawa kimya kimya.

Kumbe wakati mwingine tatizo ni potasiamu iliyopungua kwenye damu, na iliyoipunguza ni dawa ileile inayomsaidia mgonjwa. Kwa mkazi wa Cheyo mjini Tabora, au popote pale, anayemeza dawa za presha, moyo au pumu kila siku, hili ni jambo la kulijua mapema, kwa sababu linapimika na linatibika.

Potasiamu ni nini?

Ni madini ambayo misuli, mishipa ya fahamu na moyo hutegemea ili kufanya kazi. Karibu asilimia 98 ya potasiamu yote imo ndani ya seli. Inayozunguka kwenye damu ni kidogo sana, na ndiyo inayopimwa maabara.

Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni kama milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita moja ya damu. Chini ya 3.5 ni upungufu. Chini ya 2.5 ni hatari kubwa: misuli inaweza kulegea hadi mtu ashindwe kusimama au kupumua vizuri, na moyo unaweza kupiga ovyo au kusimama.

Dawa zipi hushusha potasiamu?

1. Dawa za kukojoa (za kupunguza maji mwilini). Hizi ndizo zinazoongoza. Zimo furosemidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, pamoja na haidroklorotiazidi (HCTZ) na bendroflumetiazidi zinazotumika sana kwa presha. Zinailazimisha figo kutoa maji na chumvi, na potasiamu inatoka nayo kwenye mkojo. Dozi ikiwa kubwa, hasara inakuwa kubwa.

2. Dawa za pumu. Salbutamoli haitoi potasiamu nje ya mwili, inaisukuma iingie ndani ya seli, hivyo damu inabaki na kidogo. Mvuto mmoja au miwili ya pampu kwa kawaida hauna shida. Tahadhari inahitajika pale mgonjwa aliyebanwa sana anapowekewa dawa kwa mashine ya mvuke mara nyingi mfululizo.

3. Insulini. Nayo huingiza potasiamu kwenye seli. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari aliyelazwa hali mbaya na kuwekewa insulini ya dripu hupimwa potasiamu mara kwa mara.

4. Prednisoloni na jamaa zake. Zikitumika kwa dozi kubwa au muda mrefu, figo hupoteza potasiamu.

5. Dawa za kuharisha. Wapo wanaomeza dawa za kulainisha choo kila siku ili "kusafisha tumbo" au kupunguza uzito. Potasiamu inaondoka na choo.

6. Amfoterisini B. Hii hutolewa hospitali kwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, ambayo huwapata zaidi watu wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka sana. Inaumiza figo na kumwaga potasiamu, kwa hiyo mgonjwa huongezewa maji ya dripu na potasiamu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne za Afrika, pamoja na Malawi, Zambia na Cameroon, zilizoshiriki utafiti uliotoa matokeo mwaka 2018 na kuonyesha kuwa wiki moja ya dawa hii ikiambatana na flusitosini inafanya kazi vizuri. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza dozi moja kubwa ya aina mpya ya dawa hiyo. Siku za dawa zikipungua, na madhara yanapungua.

Nani yuko hatarini zaidi?

Hatari huongezeka mambo yanapokutana. Mzee anayetumia Lasix, kisha akaharisha au kutapika siku mbili na kushindwa kula, anaweza kushuka haraka.

Anayetumia digoksini kwa ajili ya moyo awe makini zaidi. Potasiamu ikishuka, digoksini inageuka sumu kwa moyo hata kama dozi haijabadilika. Na dawa hizi mbili, digoksini na Lasix, mara nyingi huandikwa kwa mgonjwa mmoja.

Pia kuna magnesiamu. Ikiwa chini, potasiamu haipandi hata ukiongezewa. Dawa za kukojoa huishusha, na omeprazoli ya vidonda vya tumbo ikitumika muda mrefu inaweza kuishusha pia.

Chumvi ya mezani nayo inachangia

Enzi za misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, chumvi ya Uvinza ilikuwa bidhaa ya thamani iliyofika hadi Tabora. Chumvi hiyo, kama ile ya dukani leo, ni ya sodiamu, siyo potasiamu. Kuongeza chumvi kwenye mboga hakurudishi kilichopotea.

Tena inaharibu. Kwa mtu anayetumia dawa za kukojoa, chumvi nyingi huifanya figo itoe potasiamu zaidi, huku presha ikipanda. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyokwisha wekwa kwenye chakula.

Dalili za kuangalia

- Uchovu na misuli kukosa nguvu, hasa mapaja na mikono
- Misuli kubana au kucheza cheza
- Choo kigumu na tumbo kujaa
- Kukojoa sana na kiu
- Moyo kuruka mapigo au kwenda mbio

Wenye upungufu mdogo wanaweza wasihisi chochote. Ukiona miguu imelegea kabisa, unazimia, kifua kinauma au unapumua kwa shida, usisubiri kesho. Nenda hospitali, na beba dawa zako zote.

Vipimo

Kipimo ni cha damu, cha chumvi za mwili (elektrolaiti), na mara nyingi huambatana na kipimo cha figo. Daktari anaweza kuongeza kipimo cha umeme wa moyo (ECG). Ni vizuri kupima kabla ya kuanza dawa za kukojoa, wiki chache baada ya kuanza au kubadilishiwa dozi, kisha kwa vipindi atakavyopanga daktari.

Kama zahanati ya jirani haina kipimo hiki, omba rufaa. Kwa walio Tabora mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete.

Matibabu

Mara nyingi daktari hupunguza dozi, hubadilisha dawa, au huongeza ile inayotunza potasiamu kama spironolaktoni. Wengine hupewa vidonge vya kloridi ya potasiamu, kama Slow-K. Vimezwe vizima, kwa maji mengi, ukiwa umekaa au umesimama, kwa sababu vikikwama vinachubua koo.

Upungufu mkubwa hutibiwa kwa dripu. Potasiamu haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa kama sindano ya kawaida. Ikiingia kwa haraka inaweza kusimamisha moyo. Ndiyo maana dripu hiyo huenda polepole, na hii si kazi ya kufanyiwa nyumbani wala duka la dawa.

Chakula

WHO inashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku kutoka kwenye chakula. Viazi vitamu vina zaidi ya miligramu 200 kwa kila gramu 100, na Unyamwezini huliwa mwaka mzima kwa sababu hukaushwa kuwa michembe na matobolwa. Maharage, karanga, mchicha, ndizi, maembe, machungwa, parachichi na maji ya dafu navyo vinasaidia. Viazi vilivyomenywa na kukatwa huacha sehemu ya potasiamu kwenye maji ya kuchemshia, hivyo ni afadhali kuvichemsha na maganda yake.

Lakini chakula peke yake hakitoshi kama upungufu ni mkubwa.

Tahadhari: usijiongezee mwenyewe

Siyo dawa zote za presha zinashusha potasiamu. Kaptoprili, enalaprili, losatani na spironolaktoni huipandisha. Mtu anayetumia hizi, au mwenye ugonjwa wa figo, akinunua vidonge vya potasiamu kwa kusikia tu kwa jirani, anaweza kuizidisha, na potasiamu iliyozidi nayo husimamisha moyo.

Vilevile usiache dawa ghafla. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi, na moyo uliochoka hujaza maji mapafuni.

Siku ya kliniki, peleka pakiti zote za dawa, hata zile za tumbo na za mitishamba, kisha uliza maswali mawili: "Kati ya hizi, ipi inashusha potasiamu?" na "Mara ya mwisho nilipimwa lini?" Kama jibu la pili ni "hujawahi", omba upimwe.