Rangi kwenye lebo ya dawa ya wadudu
Ndugu wakulima wa mchicha na bamia, wengi nawaona mkipima dawa kwa kifuniko, kwa kukisia tu. Lebo hamuisomi. Basi angalieni angaa ule ukanda wa rangi chini yake: nyekundu ni sumu kali mno, manjano ni hatari ya wastani, buluu ni hafifu, kijani ndiyo nafuu, ila nayo si maji. Kisha hesabuni siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mchicha uliopulizwa jana haufai sokoni leo. Chupa tupu suuzeni mara tatu, maji yale yarudi kwenye bomba, halafu itoboeni. Nimeshaiona moja shambani imetiwa maji ya kunywa ya watoto.