Ghala Lililo Shambani kwa Jirani

Katika majiko ya Punia, kaskazini mwa jimbo la Maniema, mpunga wa mbegu haukai gunia moja na mpunga wa kula. Masuke yaliyojaa huchaguliwa yangali shambani, hufungwa mafungu na kuwekwa kwenye uchaga juu ya mafiga, mahali moshi unapopita kutwa nzima. Moshi huyakausha na kuwafukuza fukusi. Taratibu maganda huingia rangi ya kahawia, na mwenye mbegu huanza kuhesabu miezi. Katika nchi ya msitu ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, unyevu hauna subira: mbegu ya mpunga isiyorudi ardhini msimu unaofuata hupungua nguvu ya kuota, na ikikaa zaidi ya hapo hubaki kuwa chakula cha kuku.

Mihogo na ndizi zina masharti makali zaidi. Pingili ya muhogo ikishakatwa hudumu wiki chache tu kivulini. Chipukizi la mgomba halikaushwi wala halitiwi kwenye gunia. Mtu ambaye nguruwe-mwitu wamelifukua shamba lake lote hana cha kuanzia upya nyumbani kwake, ila kile kilichosimama katika shamba la mwenzake. Ndiyo maana desturi ya kugawiana mbegu katika msitu wa Maniema ina mizizi mirefu hivyo. Mama aliyempa shoga yake pingili za muhogo wake mtamu mwaka jana anajua pa kwenda mwaka huu wake ukiharibika, na kadiri alivyowagawia wengi ndivyo alivyozidi kuwa na akiba.

Ghala hili lisilo na kuta ni la zamani kuliko mpunga wenyewe.

Kabla ya mpunga kulikuwa na ndizi. Walega, ambao mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck aliishi kati yao na kuandika habari zao miaka ya 1950, na Wakumu walio majirani zao, walikuwa watu wa migomba, uwindaji na uvuvi. Asili ya mgomba ni Asia ya kusini-mashariki, na umekuwamo katika misitu ya Kongo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ndizi za kupika hazina mbegu. Ndege hawezi kuzisambaza, wala mto, wala upepo. Kila shina lililoko leo kati ya Lualaba na milima ya Kivu lilichimbuliwa na mtu, likabebwa begani au kichwani, likafukiwa mahali pengine, na mara nyingi aliyelibeba alikuwa amelipata kwa mwenziwe. Hata hivyo bonde la Kongo lina aina zaidi ya mia moja za ndizi za kupika: fupi na ndefu, za mkungu mzito na za vidole vichache vinene. Aina hizo zilitokea moja moja, shina lilipobadilika lenyewe shambani. Palihitajika jicho la mkulima kuona kwamba mkungu huu si kama ndugu zake, kisha mkono wake kumpa mwingine chipukizi. Aina ambayo mwenyewe angeing'ang'ania peke yake ingekufa pamoja na shamba lake.

Njia za kupitisha mimea hiyo zilikuwa njia za udugu. Kwa Walega na Wakumu ukoo hufuata upande wa baba na binti huolewa nje ya ukoo wake, kwa hiyo kila ndoa iliunganisha mashamba ya vijiji viwili. Mke aliyekwenda kumtembelea mama yake hakurudi mikono mitupu. Kulikuwa pia na undugu wa kuchanjiana damu, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliukuta karibu kila walikopita mashariki mwa Kongo. Watu wawili wa makabila tofauti waliapa, na tangu hapo kila mmoja aliweza kulala kijijini kwa mwenzake bila hofu, na kula chake, na kuomba.

Na kulikuwa na soko. Kusini ya Punia, kwenye ukingo wa mto Lualaba, msafiri David Livingstone alikaa Nyangwe mwaka 1871 akiangalia maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wakija na samaki, mihogo, mafuta ya mawese, chumvi, kuku na vyungu. Aliandika kwamba wanawake wa sokoni walipita salama hata katika nchi zilizokuwa vitani, na aliona dhahiri jinsi walivyofurahia kule kukutana na kubishana bei. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa misafara ya watumwa walifyatua bunduki katikati ya soko hilo. Mamia waliuawa kwa risasi au walizama mtoni wakikimbilia mitumbwi. Ukiisoma historia ya mbegu za Maniema huwezi kuiruka siku hiyo, kwa sababu misafara iliyofanya unyama ule ndiyo iliyoleta mpunga.

Mpunga ulitoka pwani, ukapitia Tabora na Ujiji, ukavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Kasongo na Nyangwe pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo katikati ya miaka ya 1870. Baadaye mashamba ya hapo yalikuwa ya ajabu. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyeingia Kasongo na jeshi la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mji ulipotekwa Aprili 1893, aliandika kwamba aliwahi kupita kwa saa moja na nusu ndani ya shamba moja tu la mpunga, na aliona miwa, mahindi na miti ya matunda kwa maili nyingi. Waliolilima ni watumwa. Uzuri wa mashamba yale ulijengwa juu ya migongo ya watu waliochukuliwa kwao kwa nguvu, na si haki kuusifu bila kulitaja hilo.

Dola ile ya wafanyabiashara ilivunjika ndani ya miaka michache. Mabwana wakafa au wakarudi pwani, pembe za ndovu zikabadili njia. Mpunga ukabaki. Ulibaki mikononi mwa waliokuwa wakiulima: Waungwana, yaani watu waliofuata utamaduni wa Kiswahili, wa Kasongo, Kirundu na vituo vingine vya Lualaba, watumwa walioachiwa huru, wanawake waliojua kuupepeta na kuutwanga. Kutoka Kirundu na vituo hivyo ulipanda na mito na njia za msituni hadi kwa watu wa ndizi, ukapata nafasi kati ya visiki vya shamba jipya lililofyekwa na kuchomwa, bila jaruba wala mfereji. Hadi leo sahani ya wali na sombe, yaani kisamvu, iliyokolezwa mawese ni chakula ambacho mtu wa Maniema hahitaji kukieleza kwa mgeni. Nionavyo mimi, huo ndio ushindi mkubwa wa watu wadogo wa karne ile: walioletwa kwa minyororo walikitoa kwa majirani kitu walicholazimishwa kukilima, na majirani wakakipokea kama chao.

Kisha serikali ikaja na mbegu zake. Mwaka 1917, kwa fikra za Edmond Leplae, mkuu wa kilimo wa Kongo ya Wabelgiji, kilimo cha lazima kikawa sheria: siku 60 kwa mwaka za pamba, mpunga na mazao mengine yaliyotajwa na mtawala. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, mwaka 1942, siku hizo zikaongezwa hadi 120. Mkulima alipewa mbegu, akapimiwa shamba, akauza kwa bei aliyopangiwa, na asiyetimiza alikutana na faini, jela au kiboko. Maniema ilikuwa na sababu ya ziada ya kubanwa. Kampuni ya Symétain, iliyoanzishwa mwaka 1932 kuchimba madini ya bati, ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulishwa, na vijiji vilitakiwa kuijaza sufuria ya kambi.

Taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, ilianzishwa mwaka 1933, kituo chake kikuu kikiwa Yangambi, kando ya mto Kongo, upande wa chini kutoka Kisangani. Wataalamu wake walichagua mipunga ya nchi kavu inayozaa vizuri msituni. Mmoja wao, R66, ulienea sana. Ulianza kama namba katika daftari la maabara, ukawa jina la kawaida vijijini, kwa sababu uhuru ulipokuja mwaka 1960 na huduma za mbegu kudhoofika, wakulima waliendelea kuutunza wenyewe kwa njia ileile ya moshi wa mafiga. Mbegu iliyoingia kwa amri ilidumu kwa urafiki.

Miaka ya baadaye ilithibitisha hayo kwa uchungu. Kampuni za madini ziliunganishwa mwaka 1976 kuwa SOMINKI, na bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, mishahara ya kambi ikayeyuka. Watu waliozoea posho walirudi kwenye jembe, na jembe bila mbegu halina kazi. Halafu vikaja vita vya 1996 na 1998. Wanakijiji wa Maniema walikimbilia msituni mara kwa mara, wakaacha mpunga umesimama, wakala hata ule wa uchagani. Askari nao walivuna wasichopanda. Muhogo ndio uliookoa wengi, kwa kuwa kilichofichwa ardhini hakiporwi upesi. Waliporudi, ombi la kwanza kwa ndugu wa ng'ambo ya mto lilikuwa fupi: "Dada, nisaidie mbegu." Anayeombwa hivyo hupima kwa sahani au kikapu, na anayepokea hurudisha baada ya mavuno, aghalabu kwa kipimo kilichojaa zaidi. Hakuna karatasi.

Kugawiana kuna hatari zake, na wanaoumizwa na hatari hizo ni walewale wakarimu. Pingili ya muhogo hubeba ugonjwa wa batobato ndani yake, na batobato kali ilipoenea Kongo, kila zawadi iliweza kuwa njia yake. Mnyauko wa migomba ulioonekana Masisi mwaka 2001 ulienea Kivu kwa visu vya kukatia na kwa machipukizi yaliyotolewa kwa nia njema kabisa. Hapo ndipo mtaalamu anapohitajika, na hapo ndipo ambapo mara nyingi hakuwapo.

Watafiti Shawn McGuire na Louise Sperling walichapisha mwaka 2016 utafiti wa nchi sita, Kongo ikiwa mojawapo. Waligundua kwamba wakulima wadogo hupata asilimia 90 ya mbegu zao nje ya mfumo rasmi, na zaidi ya nusu ya hizo hutoka masoko ya karibu. Pamoja na ukweli huo, sheria nyingi za Afrika zimeandikwa kana kwamba mbegu halali ni ile tu yenye lebo. Kenya iliweka adhabu ya hadi miaka miwili jela au faini ya shilingi milioni moja kwa aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa. Wakulima 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba. Wanawake wa Punia hawajui kesi ile, lakini inahusu kikapu chao.

Kongo ina idara yake ya mbegu, SENASEM, na ina watafiti waliochagua njia nyingine ya kufanya kazi. Katika Chuo Kikuu cha Kisangani, Profesa Benoît Dhed'a Djailo na wenzake walizunguka vijijini kukusanya ndizi za kupika, wakauliza jina la kila aina, wakaonyeshwa shamba, wakachimbuliwa chipukizi. Bustani waliyoipanda chuoni imekuwa hazina ya kisayansi ya migomba ya Kongo, na aina zilizomo walizipata kwa wakulima waliokubali kuwagawia.