Habari za Mti wa Mkrismasi

Katika viwanja vya misioni nyingi za nchi zetu umesimama mti uchanuao maua mekundu miezi ya Novemba na Desemba, wakati waumini wajiwekapo tayari kwa Noeli. Kwa sababu hiyo watu wameuita Mkrismasi. Wengi wetu twauona tangu utoto, hata twadhani ni mti wa asili ya nchi hii. Sivyo, mti huu ni mgeni, na yafaa katika kijitabu cha Jubilei kueleza habari zake.

Kwao ni Bukini, yaani Madagaska, katika misitu mikavu ya magharibi na kaskazini ya kisiwa. Aliyewajulisha wataalamu wa Ulaya ni Wenceslas Bojer, mwana wa Bohemia aliyekaa Morisi. Naye katika miaka ya 1820 alifika pia Unguja na Mombasa akikusanya mimea. Mwaka 1829 habari za mti huu zilipigwa chapa Uingereza pamoja na picha yake. Kisha mbegu zikaenea katika nchi za joto, na leo wataalamu huuita Delonix regia, maana yake wa kifalme.

Huko Kerala, katika Uhindi, mti uo huo huchanua Aprili na Mei, nao Wakristo wa Mtakatifu Thoma huuita ua la Kalvari. Husimulia ya kwamba ulisimama karibu na Msalaba, na Damu ya Bwana ikayatia maua yake wekundu. Twaiheshimu ibada iliyomo. Lakini mwalimu aulizwapo na watoto, hana budi kutenga simulizi na historia. Mti wa Bukini haukuota Yerusalemu siku zile. Hata jina letu la Mkrismasi limetokana na majira ya nchi yetu: huku Noeli, kule Kalvari, na mti ni mmoja.

Kuutambua si kazi ngumu. Majani yake ni kama unyoya, na yafanana na ya mjakaranda. Basi tazameni maua na matunda. Mjakaranda una maua ya zambarau yaliyo kama kengele, na tunda la duara, bapa. Mkrismasi una petali tano: nne nyekundu, na ya tano imesimama, ina madoa meupe. Maganda yake ni marefu, hata sentimita 60, nayo yakikauka huwa meusi.

Mbegu zake ni ngumu. Suguani ncha moja juu ya jiwe, mzilowekeze majini usiku kucha, ndipo mzipande mkebeni. Mche upewe mahali penye jua, mbali na ukuta wa kanisa na wa shule, kwa maana mizizi hutambaa karibu na uso wa nchi na kupasua misingi. Maua hutaka subira ya miaka 5 au zaidi.

Nako Bukini misitu ya asili yake yazidi kupungua, kwa kuwa watu hukata miti kuchoma makaa. Basi walimu wapendwa, wanafunzi wakiokota maganda uani, waambieni mti huu ulitoka wapi.